Dhahabu Iliyolala Katika Ukanda wa Migori

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wakazi wa Kegonga, Kaunti Ndogo ya Kuria Mashariki



Katika sehemu nyingi za ukanda wa dhahabu wa Migori, watoto wanaochunga ng'ombe huonywa wasikaribie shimo fulani. Shimo lenyewe halina mwenyewe anayejulikana. Wengine husema lilichimbwa na Wazungu, na kwamba dhahabu ilikwisha ndipo wakaondoka. Wengine husema dhahabu ingalipo, ila waliifunika ili warudi siku moja. Hadithi hizo mbili zimewaletea watu hasara kwa njia mbili. Anayeamini ya kwanza huacha shimo wazi, mpaka siku ng'ombe au mtoto anapotumbukia. Anayeamini ya pili huuza ng'ombe, hununua pampu na kamba, kisha hushuka.

Mazungumzo haya yatajibu maswali matatu. Dhahabu iliingiaje katika mawe ya sehemu hii? Kwa nini walioitafuta zamani waliondoka? Na leo, mwenye shamba afanye nini akibishiwa hodi na mtu anayetaka kuchimba?

Mawe yenye umri mkubwa

Ukanda wa dhahabu wa Migori unaanzia upande wa Ziwa Victoria, unapita kaunti hii ukielekea kusini mashariki na kuishia upande wa Lolgorian katika Kaunti ya Narok. Mawe yake ni miongoni mwa mawe ya zamani kabisa nchini Kenya. Umri wake ni takriban miaka bilioni 2.7, na dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.5 hivi. Wanajiolojia huyaita mawe ya mfumo wa Nyanzian, jina lililotokana na Nyanza. Kwa hiyo msomi anayeandika juu ya mawe ya aina hii Afrika Mashariki hulitaja eneo hili hata kama hajawahi kulikanyaga.

Wakati huo hapakuwa na milima hii wala mito hii. Volkano zilitapika lava, nyingine chini ya maji. Lava ikapoa ikawa mawe meusi ya basalti na mengine ya rangi hafifu zaidi. Katikati ya tabaka za lava palijitanda majivu ya volkano, matope na tabaka za mawe ya chuma yenye mistari myekundu na myeusi. Baadaye ardhi ilikandamizwa ikakunjika kama nguo, na kutoka chini ikapanda miamba ya moto iliyopoa ikawa graniti. Graniti hiyo ndiyo mawe makubwa ya mviringo yanayoonekana yamepangana juu ya vilima katika nchi ya Kuria. Lava ya zamani, kwa kupikwa na kukandamizwa, ilipata rangi ya kijani. Ndiyo maana wataalamu huuita ukanda huu ukanda wa mawe ya kijani.

Mikanda ya aina hii iko mahali pengi duniani, na mingi ina dhahabu. Geita nchini Tanzania iko katika ukanda wa namna hiyo. Vivyo hivyo Barberton nchini Afrika Kusini, Kalgoorlie nchini Australia na Timmins nchini Kanada. Karibu zaidi na Kegonga, ng'ambo ya mpaka katika Wilaya ya Tarime, mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha mwaka 2002. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani uliwagawa Wakuria katika nchi mbili, lakini chini ya ardhi mawe hayakugawanyika.

Dhahabu ilifikaje ndani ya mawe? Ardhi ilipokandamizwa, ilipasuka. Maji ya moto sana kutoka chini kabisa yalipanda kupitia nyufa hizo, yakiwa yamebeba dhahabu kidogo iliyoyeyuka pamoja na silika na salfa. Yalipofika juu, mahali penye joto na mgandamizo mdogo, au yalipogusa mawe yenye chuma, hayakuweza kuendelea kuibeba dhahabu, yakaiacha. Silika ikaganda ikawa kwatzi, jiwe jeupe gumu linalokatiza miamba kama mshipa mkononi. Wachimbaji wengi huanza kwa kufuata mshipa huo.

Hapo kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, si kila jiwe jeupe lina dhahabu. Mishipa mingi ya kwatzi haina kitu. La pili, hata mshipa wenye dhahabu hauna dhahabu kila mahali. Unaweza kuwa tajiri kwa hatua tano, ukawa mtupu kwa hatua hamsini, kisha ukakatika kabisa kwa sababu ardhi ilivunjika na kusogea. Mtu akipata kipande kimoja kinachong'aa hajapata mgodi. Amepata kipande kimoja.

Tena kuna jiwe linalong'aa na kuwadanganya wengi, nalo ni pairaiti, mchanganyiko wa chuma na salfa. Njia ya kulitambua ni rahisi. Weka chembe juu ya chuma uigonge taratibu kwa nyundo. Dhahabu hutandazika kama bati, pairaiti huvunjika ikawa unga. Isugue juu ya kigae kisichong'arishwa: dhahabu huacha mstari wa njano, pairaiti huacha mstari mweusi. Kwenye karai, dhahabu hubaki chini kabisa kwa kuwa uzito wake ni karibu mara nne ya pairaiti ya ukubwa uleule.

Walikuja kwa nini, wakaondoka kwa nini

Dhahabu ya Lolgorian ilianza kuchimbwa na walowezi katika miaka ya 1920. Lakini mbio zenyewe za dhahabu magharibi mwa Kenya zilianza mwaka 1931, baada ya Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson kuipata karibu na Kakamega. Wakati huo walowezi wengi walikuwa na hali ngumu. Bei ya kahawa na mahindi ilikuwa imeanguka kutokana na mdororo wa uchumi duniani, na nzige walikuwa wamekula mazao. Wengi waliacha mashamba wakachukua karai na sururu.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyotoka mbali zaidi. Mnamo Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake kwenye dhahabu. Wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31 hivi, iliyokuwa ikiuzwa kwa pauni 4 na robo, ilifika karibu pauni 7 ndani ya miaka michache. Mwaka 1934 Marekani nayo ilipandisha bei kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mawe ambayo mwaka 1930 hayakulipa gharama ya kuchimbwa yakawa na faida ghafla. Mawe hayakubadilika. Kilichobadilika ni bei.

Kutoka Kakamega watafutaji walienea hadi Kavirondo Kusini, kama sehemu hii ilivyoitwa wakati huo. Majina ya Kitere, Masara, Mikei na Macalder yakaingia katika ramani za madini. Walichimba mitaro mirefu kukatiza mahali walipodhani mshipa unapita. Walichukua vipande vya mawe kila baada ya hatua kadhaa, wakavisaga na kuvipima. Palipotoa matokeo mazuri walichimba shimo la kwenda chini, na kutoka shimo hilo wakachimba njia za pembeni kuufuata mshipa. Palipotoa matokeo mabaya waliacha mtaro wazi wakaenda mbele. Mahali pa namna hiyo, palipopimwa pakaonyesha dalili bila kuwa mgodi, ndipo wataalamu huita eneo la utafutaji. Mashimo mengi yanayoitwa migodi ya Wazungu hayakuwahi kuwa migodi hata siku moja.

Kazi ile iliandikwa. Mwaka 1946 Idara ya Jiolojia ya Kenya ilitoa Ripoti Namba 10, iliyoandikwa na mwanajiolojia Robert Shackleton, kuhusu jiolojia ya ukanda wa dhahabu wa Migori na maeneo yanayopakana nao. Ripoti hiyo na ramani yake ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo kampuni yoyote ya utafutaji husoma kabla ya kukanyaga kaunti hii. Mwenye shamba naye afahamu jambo hili. Mgeni akifika akisema ameoteshwa au ameonyeshwa na mashine yake ya ajabu kuwa shamba lako lina dhahabu, huenda ameisoma tu ramani iliyochapishwa kabla wewe hujazaliwa.

Basi kwa nini waliondoka? Sababu ni nne, na hakuna hata moja inayosema dhahabu ilikwisha kila mahali.

Kwanza ni kiasi. Wataalamu hupima dhahabu kwa gramu katika kila tani ya mawe. Mawe yenye gramu 5 kwa tani huhesabiwa kuwa mazuri. Gramu 5 ni uzito wa sukari inayojaa kijiko kimoja cha chai, nayo imetawanyika ndani ya tani nzima ya mwamba mgumu. Ili kuipata, tani hiyo ni lazima ivunjwe, ipandishwe juu, isagwe iwe unga na ioshwe. Mshipa mwembamba unaokatikakatika haulipi kazi hiyo.

Pili ni maji na mabadiliko ya mawe chini. Karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa vimeozesha mawe kwa muda mrefu, na dhahabu imeachiliwa ikabaki chembe huru. Hiyo huoshwa kwa karai. Ukifika kina cha maji ya ardhini, mawe hubadilika. Dhahabu inakuwa imefungwa ndani ya pairaiti na madini mengine yenye salfa, na karai haiitoi vizuri. Inahitaji mitambo na kemikali. Watafutaji wengi wadogo wa miaka ya 1930 walifika hapo wakakwama, kwa kuwa hawakuwa na fedha za pampu wala za mitambo.

Tatu ni vita. Baada ya mwaka 1939 vijana walichukuliwa jeshini, na vyuma, mafuta na baruti vikawa adimu.

Nne ni bei. Bei ya dola 35 kwa wakia iliyowekwa mwaka 1934 ilibaki hapohapo hadi mwaka 1971. Kwa wenye kutumia pauni kulikuwa na nafuu mwaka 1949 pauni iliposhushwa thamani, lakini mishahara, mbao, mafuta na vipuri viliendelea kupanda mwaka baada ya mwaka. Mgodi wa Rosterman kule Kakamega, uliokuwa mkubwa kuliko yote katika eneo lile, ulifungwa mwaka 1952. Macalder, hapa Migori, uliendelea muda mrefu zaidi kwa sababu haukutegemea dhahabu peke yake. Mwamba wake ulikuwa na shaba, zinki na fedha pia. Hata hivyo nao ulifungwa mwaka 1966.

Leo bei haijafungwa tena. Mnamo Agosti 2020 wakia moja ilipita dola 2,000, na mwezi Machi 2025 ikapita dola 3,000. Hii ndiyo sababu mashimo yaliyolala kwa miaka themanini yanatembelewa tena. Kwa mara nyingine mawe ni yaleyale, bei ndiyo imebadilika. Na ikiwa bei ndiyo iliyowaleta, bei hiyohiyo inaweza kuwaondoa. Mkazi anayeuza shamba lake lote kwa sababu ya mbio hizi aikumbuke miaka ya 1930.

Yaliyobaki baada yao

Macalder ni mfano ambao kaunti hii inaweza kwenda kuutazama kwa macho. Mgodi ulipofungwa, uliacha mchanga wa mabaki, yaani mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa sehemu kubwa ya madini. Pairaiti iliyobaki katika mchanga kama huo ikikutana na hewa na maji ya mvua hutoa asidi. Asidi nayo huyeyusha metali nyingine na kuzipeleka kwenye vijito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu ukanda wa Migori ulikuta risasi, aseniki na zebaki kwa viwango vinavyozidi vinavyokubalika.

Ng'ambo ya mpaka lilitokea jambo la kufanana na hilo. Mnamo Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika Mto Mara. Jamaa wa watu wa Kuria Mashariki wanaishi huko, na wapo wanaoweza kusimulia mjadala uliofuata.

Zebaki yenyewe haitoki kwenye mawe peke yake. Wachimbaji huitumia kukusanya chembe ndogo za dhahabu. Huikanda pamoja na mchanga mzito, ikashikana na dhahabu, kisha huchoma donge hilo ili zebaki iondoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauonekani, nao ndio hatari kubwa. Huingia mapafuni, hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Mtu akichoma donge hilo jikoni, kwenye sufuria ya nyumbani, waliomo wote wanaivuta. Kilichosafishwa mtoni huingia ndani ya samaki. Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu katika mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza matumizi ya zebaki ukapewa jina la mji huo. Kwa wachimbaji wadogo, mkataba huo unataka mambo kama kuchoma donge bila kifaa cha kunasa mvuke na kulichoma katika makazi ya watu yakomeshwe.

Ardhi ni ya nani, madini ni ya nani

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya ardhi ya Waafrika iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi ikichukuliwa, jamii itapewa ardhi nyingine yenye ukubwa sawa. Miaka miwili baadaye dhahabu ikawa imepatikana. Mnamo Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa haraka ili uchimbaji uendelee kwa fidia ya fedha tu, bila ardhi ya kufidia na bila baraza la wenyeji kuulizwa kwanza. Ahadi iliyosemwa kuwa ya daima ilidumu miaka miwili. Wazee wa wakati huo walijifunza kwamba neno la mdomo na hata la karatasi hubadilika dhahabu ikionekana, kama mwenye ardhi hana nafasi ya kukataa.

Sheria ya leo inampa nafasi hiyo. Ni vizuri kila mkazi aielewe, maana ina pande mbili.

Upande wa kwanza: madini si ya mwenye shamba. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inaweka madini yote chini ya ardhi ya umma inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Hati ya shamba inampa mwenyewe udongo, mazao, miti na nyumba. Dhahabu iliyo chini haimpi.

Upande wa pili: hakuna anayeruhusiwa kuingia kutafuta au kuchimba kwa sababu hiyo tu. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema haki ya utafutaji au uchimbaji haitolewi juu ya ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya wazi ya mwenye ardhi aliyesajiliwa. Ardhi ya jamii nayo ina masharti yake ya idhini. Uharibifu wa mazao, nyumba na maji una fidia. Kwa hiyo mtu mwenye leseni kutoka Nairobi lakini asiye na idhini yako hajakamilisha safari.

Wananchi huuliza pia juu ya mrabaha. Sheria hiyohiyo inaugawa hivi: katika kila shilingi 100 za mrabaha, 70 ni za serikali ya kitaifa, 20 ni za kaunti na 10 ni za jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Lakini mrabaha hulipwa kwa madini yaliyochimbwa. Eneo linalotafutwa tu, ambalo halijatoa madini, halina mrabaha wa kugawa. Kipindi hicho cha utafutaji kinaweza kuchukua miaka, na ndicho mwenye shamba huchimbiwa mitaro. Ngao yake wakati huo ni idhini yake na maandishi ya fidia, si mgawo wa asilimia.

Hodi mlangoni

Tuseme familia moja ina ekari tatu, nusu tumbaku na nusu mahindi, na kwenye kona ya juu kuna mtaro wa zamani. Gari linafika. Anashuka mtu mwenye kofia ngumu na karatasi zenye mihuri, anasema ana leseni, anataka kuchimba mitaro mitatu, na anatoa shilingi 10,000 papo hapo ili baba wa nyumba atie sahihi. Mama yuko sokoni, na ndugu mwenye sehemu ya shamba yuko Nairobi.

Wakulima wa tumbaku wa Kuria wanajua mkataba ni nini. Wanajua kwamba anayesoma baada ya kutia sahihi amechelewa. Ujuzi huo utumike hapa. Kabla ya fedha kushikwa, mgeni huyo aulizwe maswali matano.

La kwanza: leseni ni ya aina gani, namba yake ni ipi na inakwisha lini? Leseni ya utafutaji hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu. Inaruhusu kutafuta, hairuhusu kuchimba na kuuza. Wizara ya madini ina ramani ya leseni kwenye mtandao, na afisa wa madini anaweza kuthibitisha namba hiyo.

La pili: jina lililo kwenye leseni ni la nani, na aliyesimama mlangoni ana barua gani ya kumtambulisha?

La tatu: mitaro mingapi, urefu gani, kina gani, na nani ataifukia, lini? Hili liandikwe. Mashimo ya zamani yako wazi mpaka leo kwa sababu hakuna aliyelazimishwa kuyafukia.

La nne: mazao, miti na kisima vitafidiwa vipi, na nani atavipima kabla ya kazi kuanza?

La tano: je, wote wenye haki katika shamba hilo wamekubali? Mke, ndugu na warithi wasikie. Idhini iliyotolewa na mtu mmoja kwa siri huleta kesi kwa wote.

Mgeni wa kweli hatakasirika kwa maswali haya. Kampuni ya kweli huyatarajia. Anayekasirika na kusema nafasi itapotea leo jioni, basi nafasi hiyo na ipotee. Dhahabu imekaa chini ya kona ile kwa miaka bilioni 2.7, haitakimbia kabla mama hajarudi kutoka sokoni.

Kwa vijana wanaotaka kuchimba wenyewe, sheria inawatambua. Mkenya aliyefikisha umri wa miaka 18, akiwa ndani ya chama cha ushirika au kikundi cha wachimbaji wadogo, anaweza kuomba kibali cha miaka mitatu. Kila kaunti inapaswa kuwa na kamati ya wachimbaji wadogo inayotoa ushauri juu ya maombi hayo. Kuwa na kikundi hakufanyi mwamba uwe laini, lakini kunasaidia watu kuuza kwa bei inayojulikana, kununua vifaa pamoja na kuonekana na serikali wakati wa ajali. Idhini ya mwenye shamba inahitajika hata hapa.

Shimo la zamani si njia ya mkato

Jambo la mwisho ndilo linaloweza kuokoa maisha wiki hii. Shimo la zamani halishukiwi.

Mbao zilizoshikilia kuta, kama zilikuwepo, zimeoza. Udongo ulionywa maji ya mvua ni mzito na huteremka bila ishara. Ndani ya shimo lisilo na upepo hewa huharibika. Mawe yenye salfa yenyewe hula oksijeni, na gesi nzito hutulia chini. Mtu hushuka akiwa mzima, huhisi kizunguzungu, huanguka. Mwenzake humfuata kumwokoa, naye huanguka palepale. Na aliyeteremsha pampu ya petroli ndani ya shimo ili kuvuta maji ameteremsha sumu, kwa kuwa moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Injini ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, na bomba ndilo lishuke.

Mwenye shimo shambani azungushe ua wa miba au nguzo, aweke alama, na aripoti kwa mzee wa kijiji na ofisi ya chifu ili liandikwe. Lisifanywe jaa la taka wala la chupa za dawa za mashamba, kwa maana linaungana na maji ambayo jirani anachota chini. Anayetaka kulifukia aulize kwanza, kwani shimo lililofunikwa kwa matawi na udongo kidogo ni mtego mbaya kuliko shimo linaloonekana.

Wengi katika mkutano huu walionyeshwa shimo na baba zao wakaambiwa tu wasilikaribie. Sababu sasa zimetajwa. Watoto wanaochunga leo waonyeshwe shimo hilo na waambiwe sababu pia: lilichimbwa na nani, kwa nini aliliacha, na kuna nini ndani yake. Mtoto anayejua sababu hatahitaji kujaribu ili kujua. Naye akikua, gari likifika na karatasi zenye mihuri, atajua cha kuuliza.